Pedeli Ngumu Siyo Breki

Kwenye kona ya pili ya mteremko wa Kisondela ndipo niliposikia chuma kikigonga rimu ya tairi la mbele. Tik, tik, tik. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pikapu, nimeshika bomba la juu ya kibini, nimezungukwa na watu tuliotoka nao kuzika, akina mama bado wanaimba. Hakuna aliyeijali ile sauti isipokuwa mimi, kwa sababu kile chuma kilikuwa changu. Ilikuwa plaizi yangu, ile inayojibana yenyewe. Niliifunga kwa mkono wangu juu ya mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye tairi, siku nne kabla, na upande wa pili nilifunga nyingine kama hiyo. Maana yake, matairi yote mawili ya mbele hayakuwa na breki hata kidogo, na sisi tulikuwa watu kumi na saba kwenye gari kuukuu, tope chini, mto mbele.

Nikapiga bati la kibini kwa ngumi. Nikainama hadi dirishani kwa dereva, nikamwambia asimamishe gari. Gwakisa, huyo dereva, alianza kunijibu kama mtu anayejivuna, akamalizia kama mtu anayelia.

"Breki ipo, mjomba. Ngumu kabisa. Nimeikanyaga mpaka mguu unauma, ila gari haliko nayo."

Halafu ikaja harufu ya breki shuu zinazoungua nyuma. Fundi yeyote anaijua harufu ile. Mama Subi, mmoja wa wale akina mama waliokuwa wakiimba, alikuwa amekaa kwenye ubao wa pembeni, ameshika suruali yangu hapa gotini ili asidondoke. Nakumbuka migomba ikitujia, nakumbuka mtu mmoja akiendelea na wimbo peke yake. Nilipozinduka nilikuwa kwenye shamba la watu, na kile kiganja hakikuwa tena kwenye suruali yangu. Mama Subi alikuwa chini ya kisiki cha mparachichi. Wengine walivunjika, wakachubuka, wakapona. Yeye alibaki pale. Goti langu la kulia lilisagika, ndiyo maana leo nina miaka hamsini na tatu na nimeshastaafu. Fundi asiyeweza kuchuchumaa ni mpiga soga tu.

Sasa ninyi mnaoshika spana leo hapa Tukuyu na huko Kiwira, nawaandikia. Mimi shule yangu ni darasa la nne. Nikikosea kuandika, sahihisheni. Lakini kwenye breki hamtanisahihisha.

Nilijifunza kwa Mzee Ambakisye, kule Kiwira barabarani, enzi zile malori ya makaa yanashuka na madereva wake wanakuja mguu umevimba kwa kukanyaga. Mzee yule alikuwa hasemi sana. Siku ya kwanza alinipa kopo la mafuta ya breki, akaniambia nichovye kidole, halafu nikipake kwenye rangi ya mlango wa gari bovu lililokuwa pale. Kesho yake rangi imebambuka. Akasema, umeona, haya si mafuta ya kupikia. Nikadhani anatania. Haikupita muda akaja mwalimu mmoja na gari lake, breki zimekwama zote, matairi hayazunguki. Mzee akafungua masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedeli, raba za ndani zimevimba kama vitumbua. Mwalimu alikuwa ameishiwa mafuta ya breki njiani, akajaza alizeti. Alieleza kwa Kiswahili kizuri sana, kwamba yote ni mafuta. Mzee akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwalimu. Nyumbani kwako chapati mnapikia nini, dizeli?" Tulicheka mpaka mwalimu mwenyewe akacheka.

Pedeli laini, Mzee alinifundisha, ni gari linaongea. Usilinyamazishe. Lisikilize. Ukikanyaga ikazama kama sponji, halafu ukipampu mara mbili tatu inapanda, kuna upepo mle ndani, au breki shuu za nyuma ziko mbali na dramu, zirekebishwe kwanza. Ukikanyaga ukatuliza mguu, nayo inashuka polepole yenyewe kama mtu anayesinzia, angalia raba za masta silinda, maana mafuta yanapita ndani kwa ndani na nje huoni tone. Ukiona tone, fuata tone. Na gari lililotoka kutengenezwa jana likiwa na pedeli laini leo, usihangaike na sehemu ambayo haikuguswa. Anza pale mkono wa mtu ulipopita.

Hilo la mwisho liandikeni ukutani.

Mzee alikuwa na sheria nyingine ambayo vijana wa siku hizi mnaiona ya kishamba: ukimaliza breki, kwenye mteremko wa kwanza unapanda gari wewe fundi, umekaa kiti cha abiria, mikono mapajani. Ukiogopa kukaa pale, kazi hujaimaliza. Nimekaa kile kiti miaka mingi sana. Sijawahi kuogopa, kwa sababu nilikuwa siondoki kwenye gari mpaka nijue.

Basi, pikapu hii. Ilikuwa ya chama cha wakulima wa parachichi, jina la chama naliacha, mnaokijua mnakijua. Gari la miaka ya themanini, mbele diski, nyuma dramu, hendibreki kamba yake ilikatika siku nyingi. Walilileta gereji yetu libadilishwe pedi na raba za kalipa za mbele. Kalipa ni kile chuma kinachobana diski. Kazi hiyo sikupewa mimi, Anyitike wa darasa la nne. Alipewa Lugano, mwenzangu, tuliyekuwa tunagawana ile gereji, maana Lugano ana cheti cha ufundi, amekitia kwenye fremu ya kioo, kimening'inia pale mlangoni. Katibu wa chama, Asajile, alisema wazi kwamba gari la wanachama haliwezi kushikwa na mtu asiye na makaratasi. Nikakaa pembeni nikatengeneza feni za watu wengine.

Lugano akamaliza. Akatoa upepo. Pedeli laini. Akatoa tena. Laini. Siku mbili nzima wanamwaga mafuta ya breki, kopo juu ya kopo, mtu mmoja anapampu ndani, Lugano chini anafungua skrubu, anafunga, anafungua, na mafuta yanatoka safi bila povu. Ukikanyaga, inazama. Akaanza kusema masta silinda imekufa. Akamwambia Asajile anunue mpya. Asajile akaanza kupiga kelele kwamba gereji hii inamzungusha, na uchaguzi wa chama unakaribia, na yeye bila gari ataonekanaje kwa wanachama. Siku ya tatu Lugano akaja kwangu, hata hakunitazama usoni. Akasema, "Kaka, hebu niangalizie."

Nikaangalia kwa njia ya Mzee. Unachukua plaizi ya kujibana, unaviringisha kitambaa kwenye meno yake ili usikate mpira, unabana mpira wa breki wa tairi moja. Mafuta hayapiti. Unakanyaga pedeli. Ikiwa bado laini, ugonjwa hauko kwenye tairi lile. Unahamia lingine. Siku itakapokuwa ngumu, umeupata. Ni kama kuziba mashimo ya panya moja moja. Nikabana nyuma, laini. Nikaachia, nikabana mbele kushoto, ikapanda nusu. Nikabana na mbele kulia, plaizi zote mbili ziko pale, ikawa ngumu kama jiwe. Lugano ndiye alikuwa amekaa kwenye usukani anakanyaga. Yeye mwenyewe, kwa mguu wake, aliona. Nikamwambia upepo uko mbele, pande zote mbili, na masta silinda nzima kabisa.

Nikachungulia zile kalipa. Nikaona, nikakaa chini kwenye tope nikacheka. Lugano alikuwa amefunga ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Zinaingia vizuri, bolti zinakaza, huwezi kujua. Ila skrubu ya kutolea upepo, ambayo inatakiwa iwe juu, ilikuwa imeangalia chini. Upepo unakaa juu, kila mtu anajua hilo, hata mama anayepika chai anaona mvuke unakwenda wapi. Unafungua skrubu ya chini, yanatoka mafuta safi, na upepo umekaa juu kule unakutazama. Ungeweza kutoa upepo mpaka Krismasi.

Nilimcheka, nakubali. Nilimwambia, "Gwe Lugano, kile cheti chako nacho labda umekitundika juu chini." Watu waliokuwepo walicheka. Leo najua sikupaswa kusema mbele za watu, lakini hata hivyo, mtu haui mtu mwingine kwa sababu alichekwa.

Nilikuwa nachukua spana nizigeuze zile kalipa. Kazi ya saa moja na nusu. Ndipo simu ikaita kwamba baba yangu mdogo amefariki Kisondela.

Mnajua kwetu. Ukiambiwa msiba wa mtu wako, unachoshika unakiweka chini. Yule atakayesema ngoja nikaze bolti hii kwanza, atanyooshewa kidole na shangazi zake mpaka wajukuu wake waoe. Niliweka spana. Nikanawa mikono kwa dizeli, nikafunga kitambaa chekundu kwenye usukani, ambayo kwa gereji yetu ilikuwa alama kwamba gari halijaisha, lisiguswe. Nikamwambia Lugano ageuze kalipa, na kama hataki kugeuza, anisubiri. Nikapanda bodaboda.

Sikutoa plaizi.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, sitalificha chini ya godoro. Kama ningezitoa, ni kufinya tu kile kishikio, pedeli ingerudi kuzama, na hata mjinga asiyejua gari angekanyaga akaogopa. Ile pedeli laini ingemwokoa Mama Subi. Niliacha gari likiwa gonjwa na mdomo wake nimeuziba. Sikuwa na haraka ya kiasi hicho. Msiba ulikuwa umeshatokea, marehemu asingekwenda popote. Nilichanganyikiwa, basi. Lakini kuchanganyikiwa nako ni kwangu, simpi mtu.

Usiku wa pili wa msiba nilimpigia Lugano simu kumuuliza. Akasema bado hajagusa, ana kazi nyingine. Nikamwambia gari lisitoke. Akasema sawa. Hilo neno "sawa" nimelikumbuka mara nyingi nikiwa nimelala hospitali.

Mambo yaliyofuata Lugano mwenyewe alinieleza, siku aliyokuja kunitazama na mkungu wa ndizi, akaketi kwenye ukingo wa kitanda akalia. Alisema siku ya maziko, asubuhi, Asajile alifika gereji na Gwakisa. Anataka gari likabebe waombolezaji, kwa sababu baba mdogo alikuwa mwanachama, na wapiga kura wote watakuwa pale. Lugano akamwambia fundi Anyitike hajamaliza. Asajile akafungua mlango, akafungua kile kitambaa chekundu, akakitupa, akakanyaga pedeli. Ngumu. Akakanyaga tena. Akageuka akamwambia Lugano:

"Hii ndiyo laini mliyokuwa mnaniambia? Limepona hili. Huyo mzee wenu anashikilia gari ili tumbembeleze."

Nilimuuliza Lugano, na wewe ulimjibu nini. Akaanza kuusogeza ule mkungu chini ya kitanda. Nikamuuliza tena. Akasema alimwambia labda kuna upepo kidogo bado.

"Akasemaje?"

"Akasema msiba haungoji upepo."

"Na plaizi, Lugano? Ulimwambia kuhusu plaizi?"

Alisema ilimtoka kichwani. Nikamtazama. Mtu aliyekaa kwenye usukani, akakanyaga kwa mguu wake, akaona pedeli inakuwa ngumu nilipobana ya pili. Ilimtoka kichwani. Baadaye, kwa sauti ya chini, ndipo akasema kweli: kama angetaja plaizi, angelazimika kueleza kwa nini ziko pale, na kueleza ni kusema mbele ya Katibu kwamba alifunga kalipa kinyume. Akaona aibu. Akaona acha liende, ni pale tu Kisondela, litarudi jioni, atageuza.

Aibu ya kalipa mbili. Mtu na cheti chake.

Mtaniuliza, nawe ulipandaje. Swali zuri, nimejiuliza kuliko ninyi. Tulipomaliza kuzika, nikaiona pikapu uani, watu wameshapanda. Nikamuuliza Gwakisa kama Lugano amemaliza. Akanijibu, "Pedeli jiwe, mjomba, njoo uikanyage." Sikuikanyaga. Nilifurahi. Nilijisemea moyoni, kumbe Lugano ana akili, amegeuza. Nilikuwa nimevaa koti la msiba, lile moja nililo nalo, na pale uani tope lilikuwa mpaka kwenye kisigino. Kuinama tu nichungulie nyuma ya tairi la mbele kungenichukua muda wa kusalimia mtu mmoja. Sikuinama. Mimi niliyekaa kile kiti cha mteremko miaka yote ile, siku hiyo nilidanganywa na pedeli ngumu kama Asajile alivyodanganywa. Tofauti ni kwamba mimi nilijua zaidi, kwa hiyo mimi ni mbaya zaidi. Haya.

Na Gwakisa naye, nisimsahau. Wakati wa kuja walikuwa watatu tu garini na walitembea na gia nzito, breki za nyuma zikatosha. Kurudi, watu kumi na saba, akaweka nyutro kwenye mteremko, gari likashuka bila gia, ili aokoe dizeli ya chama. Asajile alikuwa amekaa pembeni yake. Alimwona akiweka nyutro. Labda alimsifu.

Basi jifunzeni hapa. Pedeli ngumu siyo breki. Pedeli ngumu ni habari tu kwamba mafuta yamefika mahali yakagota, na huenda yamegota kwenye plaizi, au kwenye gololi ambayo fundi mmoja mvivu aliitia kwenye bomba ili kuua breki ya tairi linalovuja mafuta. Nimekuta gololi hizo kwenye magari ya hapahapa Tukuyu, na mwenye gari anajisifu kwamba breki zake kali. Kwa hiyo ukipokea gari, inua kila tairi, lizungushe kwa mkono, mwenzako akanyage, uone kama linashika. Yote manne. Usiulize mguu, uliza tairi. Na ukibana mpira kutafuta ugonjwa, usiondoke hapo, hata nyumba yako ikiungua, bila kubandua. Ukishindwa, vua matairi yote mawili uyaweke ndani ufunge mlango, maana kitambaa chekundu ni cha watu wanaoogopa, na mwenye cheo haogopi kitambaa.

Baada ya wiki tatu chama kilikaa kikao. Mimi niko hospitali, mguu umening'inizwa. Wakaandika kwenye karatasi yao kwamba ajali imesababishwa na uzembe wa fundi Anyitike, aliyeondoka bila kukamilisha kazi ya breki. Mstari mmoja. Lugano alikuwepo, hakufungua mdomo. Gwakisa aliambiwa atatafutiwa gari lingine, na kweli analiendesha. Asajile alisoma ile karatasi mwenyewe mbele ya wanachama, sauti yake ikakatika mahali pa kutaja marehemu, watu wakamwonea huruma. Leo ni mwenyekiti.

Nilimfuata mara moja tu, na magongo yangu, kwenye ofisi ya chama. Nilimwambia sitaki kitu chochote, nataka ile karatasi iandikwe upya. Alinipa kiti. Alinisikiliza kwa adabu sana, akaniita kaka. Mwisho akasema:

"Kaka Anyitike, plaizi zilikuwa zako au zangu?"

Nikasema zangu.

"Basi tuache marehemu apumzike."

Nilitoka pale sina jibu, na nimelitafuta miaka yote hii huku nimekaa barazani. Jibu lenyewe ndilo hili. Asajile, plaizi ni zangu. Kuziacha ni kwangu. Kutokuinama ni kwangu. Nimeshamwambia mama mzazi wa Mama Subi kwa mdomo wangu, nikiwa nimesimama kwenye mlango wake, na alinisikiliza mpaka mwisho ndipo akafunga mlango. Hiyo ni sehemu yangu na nimeibeba. Lakini mkono uliofungua kile kitambaa ni wako. Uliambiwa halijaisha, ukasikia, ukalitoa, ukajaza watu ili wakuone. Lugano alijua kwa mguu wake, akanyamaza. Gwakisa aliachia gia mbele ya macho yako. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kupiga hodi kwenye mlango ule.

Subi sasa ni binti, anakaribia kumaliza shule. Tukikutana njiani ananisaidia kuvuka mfereji, halafu ananiuliza, kwa upole tu, gari lile alilopanda mama yake, ni nani aliyesema ni zima. Ananiuliza mimi kwa sababu kwenye karatasi jina ni langu peke yake. Nimechoka kumjibu kwa niaba yako. Wanachama wakikaa tena, ataletwa na bibi yake, nimeshazungumza nao, atakaa mstari wa mbele. Simama, Asajile, mbele ya wale wale uliowasomea, umtazame yule mtoto, umwambie ni nani.